Mtani wa Baba Amenunua Bastola

Jumatatu, 1 Februari

Treni imesimama tena gizani kabla ya kituo. Nimefika shuleni soksi zimelowa. Theluji ya Alby, mtaa wetu, wiki hii si theluji, ni uji.

Karin, mwalimu wetu wa elimu ya jamii, ametupa kazi ya muhula. Marekani wameanza kura za mchujo. Kila chama kinachuja wagombea wake mpaka abaki mmoja wa kugombea urais. Sisi darasa la tisa tutafanya mchujo wetu: timu, hotuba, mdahalo, kura. Mada ni umiliki wa bunduki. Mdahalo ni tarehe kumi Machi. Nimeandika kichwa cha kazi kwa wino wa rangi mbili. Ebba amenicheka. Acha acheke.

Mimi nina Marekani yangu. Mama mdogo Stella, mdogo wake Mama, anaishi Columbus, Ohio, na mumewe Baba mdogo Lukas na binti zao. Upendo ana umri wangu. Tuli ana miaka minne. Mimi na Upendo tulilelewa kitanda kimoja kwa Bibi, Morogoro, mpaka tulipokuwa na miaka mitano. Halafu yeye akapelekwa magharibi, mimi kaskazini, hapa Sweden. Sijamgusa tangu siku ile, isipokuwa kwenye kioo cha simu. Juni naenda kwao, likizo yote. Mama amekubali. Naandika tena nione vizuri: Mama amekubali.

Jioni wamepiga simu. Baba na Baba mdogo wametukanana kama kawaida. Baba ni Mngoni wa Songea, Baba mdogo ni Mhehe wa Iringa. Babu zao walipigana vita, vita vikaisha, vikabaki utani. Hawa wawili sijawahi kuwasikia wakisalimiana kistaarabu.

"Mhehe, mbwa wa jirani bado wapo wote?"

"Wapo, mkimbizi. Na wewe, Mzulu hajakufikia huko?"

Wangoni husema Wahehe wanakula mbwa. Wahehe husema Wangoni walitoka kusini mbio, Mzulu nyuma yao, na hawajasimama mpaka leo. Nimeshazoea. Ebba alipowasikia siku moja, nikamtafsiria, alidhani wanagombana.

Alhamisi, 4 Februari

Sasa wanagombana kweli.

Ilianza kwenye kundi la familia kwenye simu. Mama mdogo aliweka picha yake akiwa na fulana ya mgombea wake. Anajitolea kwenye kampeni, anagonga milango ya watu kwenye baridi na vipeperushi vya kutaka sheria kali za bunduki. Wote tukampongeza. Kisha Baba mdogo akaandika kwamba yeye ni wa chama kingine na kura yake ataipa mtu ambaye hatawanyang'anya raia silaha zao. Sentensi moja tu.

Baba akajibu kwa maneno ambayo yangejaza ukurasa. Baba ni mhandisi wa maji, anapenda kueleza jambo kuanzia kwenye chanzo. Mwisho akaandika: "Mtu mwenye akili timamu hahitaji bunduki." Hapakuwa na Mhehe humo. Hapakuwa na mbwa.

Baba mdogo alijibu baada ya saa nzima. "Nashukuru kwa maoni yako, kaka."

Mama alisoma akaketi. "Amemwita kaka," akasema. "Mungu wangu."

Jumapili, 7 Februari

Hallonbergen, kanisani kwetu, baada ya ibada ya Kiswahili. Chai, maandazi, na wanaume kwenye meza moja wakichagua rais wa nchi ambayo hawana kura. Baba Njoroge, Mkenya anayeendesha basi, alipiga meza. "Hii uchaguzi ni yetu pia! Huko wakipiga chafya, sisi wote tunashikwa na homa." Papa Célestin wa Bukavu akasema hapana, kwao walishikwa na homa bila mtu yeyote kupiga chafya. Watu wakacheka.

Baba akasimama. Akahutubia juu ya bunduki za Marekani. Alisema vizuri, hata mimi naona. Watu waliitikia kwa vichwa, Baba Njoroge akasema, "Mngoni, wewe ungeenda Bunge." Kisha mtu akauliza, yule shemeji yenu wa Ohio, anasemaje? Baba akajibu, "Ndugu Lukas ana msimamo wake."

Ndugu Lukas. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Nimeudhika na sijui nimeudhika na nani. Baba anasema kweli. Lakini anawaambia watu wa Hallonbergen, na hakuna hata mmoja wao mwenye bunduki.

Jumanne, 9 Februari

Shuleni leo tumekula semla, lile andazi la krimu la kabla ya Kwaresima. Erik amepaka krimu puani makusudi.

Karin amegawa timu kwa kuchomoa karatasi kwenye kofia. Mimi nimeangukia timu ya mgombea anayepinga sheria za bunduki. Erik naye yumo. Ameahidi kuja na kofia ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Nilimwomba Karin anibadilishe. Alisema mtu anajifunza zaidi upande asioupenda. Pengine ni kweli. Nimekasirika hata hivyo.

Ebba yuko timu ya upande wa pili. Amepata upande mzuri bila jasho.

Jumamosi, 13 Februari

Nimempigia Upendo anisaidie. Nilimwuliza, watu wa chama cha baba yako husema nini hasa? Nilitaka hoja, siyo kofia.

Alikwenda kufunga mlango wa chumba chake. Halafu akaniambia.

Baba mdogo anayo. Bastola. Mwaka juzi alivamiwa kwenye kituo cha mafuta akiwa amelala ndani ya lori lake. Walivunja kioo, wakampiga, wakachukua alichokuwa nacho. Hilo tulilijua. Tulimwandikia pole kwenye kundi. Hatukujua kwamba miezi mingi hakuweza kulala, na kwamba alipoinunua ndipo alipoanza kulala tena. Mama mdogo anajua. Anagonga milango ya watu mchana kutwa kuhusu bunduki, anarudi kulala chumba kimoja na bunduki. Upendo anasema wazazi wake hawagombani. Hawaongei tu.

Nikauliza iko wapi.

"Kwenye kabati la nguo, rafu ya juu. Chini ya kile kitenge cha kijani."

Kabati lina kufuli? Halina. Tuli je? Tuli hafiki juu.

Kisha akasema: "Zawadi, usimwambie mtu. Mama yako akijua, huji."

Najua kwamba siji.

Jumapili, 14 Februari

Sijamwambia mtu. Nataka kwenda.

Alhamisi, 18 Februari

Mazoezi ya mdahalo. Nilisema mtu aliyevamiwa usiku ana haki ya kuogopa, na kwamba hoja inayomcheka mwenye hofu haimshawishi. Nilijiandaa siku tatu. Erik akasema, "Zawadi anajua mambo haya, anakaa Alby." Darasa likacheka. Hata Karin alichelewa kidogo kuwanyamazisha.

Mimi nimeishi Alby miaka kumi. Sijawahi kuona bunduki. Nimeona polisi, nimeona utepe wa polisi, nimeona jirani yetu wa ghorofa ya pili akilia ngazini. Bunduki yenyewe sijaiona. Ningependa kumwambia Erik hivyo lakini maneno yalikuja nikiwa kwenye treni.

Kwao Marekani ni sinema. Wanabishana, wanapiga makofi, wanakwenda kula.

Jumamosi, 20 Februari

Nilikuwa naongea na Upendo kuhusu viatu. Viatu tu. Tuli akaingia nyuma yake akicheza bibi harusi. Amejifunga kitenge, kimemfunika mpaka miguu, anakiburuza.

Cha kijani.

Upendo alikiona niliposhtuka. Akageuka, akasema, "Tuli, umekitoa wapi?" Tuli akasema, "Juu." Akaonyesha kwa kidole, anatabasamu. Upendo akaacha simu kitandani akakimbia. Nilibaki natazama dari la nyumba ya Ohio. Feni haizunguki. Nikasikia kiti kikiburuzwa. Nikasikia mlango.

Alirudi. "Ipo. Alipanda kiti. Nimeisogeza nyuma zaidi. Usiseme, Zawadi. Tafadhali."

Hatukurudi kwenye viatu.

Jumapili, 21 Februari

Nimemwambia Mama. Nilianza kwa Kiswidi. Mama akasema, "Sema Kiswahili, nikuelewe vizuri." Nikasema chote. Bastola, kabati, kitenge, kiti.

Mama alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu. Kisha akasema, "Basi huendi."

Nilijua. Haikusaidia kujua.

Nikamwambia, sawa, siendi, lakini Tuli je? Yeye anakaa pale pale. Mpigie Mama mdogo, mwulize. Mama akanitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo barabarani. "Nimwulize mdogo wangu ana nini ndani ya kabati lake? Mumewe akisikia? Nyumba ya mtu, Zawadi."

Baba asiambiwe, akasema. Baba ataliweka kwenye kundi na ataanza na chanzo.

Baadaye nilimsikia amepiga. Nilikaa sakafuni nje ya chumba. Waliongea kuhusu baridi, kuhusu kampeni, kuhusu mguu wa Bibi, kuhusu bei ya mchele, kuhusu baridi tena. Mama akauliza, "Na watoto wazima?" Mama mdogo akasema wazima. Mama akasema, "Haya, Mungu ni mwema." Mwisho akasema Zawadi hatakuja Juni, ana masomo ya likizo.

Sina masomo ya likizo. Nina wastani mzuri kuliko wote darasani.

Walipendana kwenye simu ile, nilisikia. Walipendana na hawakuulizana kitu.

Jumatatu, 22 Februari

Upendo ameandika neno moja. "Asante." Kisha amenifungia. Ujumbe wangu hauendi.

Jumanne, 1 Machi

Likizo ya majira ya baridi. Ebba amenichukua kwenda kwa babu yake, Upplands Väsby. Sikutaka, Mama amenisukuma nitoke nyumbani.

Babu yake huwinda. Kila vuli huenda msituni kuwinda älg, paa wa huku, mkubwa kuliko ng'ombe. Pembe zake ziko sebuleni na Ebba ametundika kofia juu yake. Tulikunywa juisi ya matunda ya porini. Halafu Ebba, kwa kuwa anajua nina mdahalo, akasema: "Babu, mwonyeshe Zawadi zinakokaa bunduki. Umefunga?"

Hivyo hivyo. Umefunga? Kama mtu anayeuliza kama kuna chai. Nilisubiri babu akasirike. Hakukasirika. Alitupeleka kwenye chumba kidogo karibu na ngazi. Kabati la chuma, refu kuliko mimi, la kijivu. Limepigiliwa ukutani. Aligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kama pipa. Sheria ya hapa, akasema. Ukitaka bunduki, unataka na kabati. Hakulifungua.

Nikamwuliza Ebba funguo ziko wapi. Hajui. Amekuwa akija nyumba ile tangu azaliwe na hajui.

Njiani kurudi nilifikiri jambo ambalo silipendi. Ebba anaweza kumwuliza babu yake chochote. Mimi na Mama na Mama mdogo tumefundishwa adabu, na adabu yetu imeliacha kabati la nguo bila kufuli.

Halafu nikawaza: si kweli. Kwetu yupo mtu anayeruhusiwa kusema lolote, mtani. Yupo, na amenuna.

Alhamisi, 10 Machi

Mdahalo.

Erik alivaa kofia. Alisema "uhuru" mara nyingi na watu wakashangilia. Timu ya Ebba ilionyesha picha za kusikitisha. Zamu yangu ilipofika niliacha karatasi ya timu. Nilisema mgombea wetu asimnyang'anye mtu bunduki yake, lakini amlazimishe kununua kabati la chuma kabla ya risasi ya kwanza. Nilisema wenye hofu wana haki ya kulala na watoto wana haki ya kucheza harusi. Hawakuelewa harusi imetoka wapi.

Nilipata kura mbili. Yangu na ya Ebba, na Ebba ni mpinzani.

Timu yangu inasema nimewasaliti. Timu ya pili inasema mimi ni mwoga. Karin ameandika: imejengwa vizuri, lakini umetoka kwenye nafasi uliyopewa.

Nimeitupa kofia ya Erik nyuma ya kabati la makoti. Ni utoto. Sijutii.

Ijumaa, 11 Machi

Nimemwambia Baba. Mama atakasirika, na akasirike.

Alikuwa anatengeneza baiskeli kwenye korido. Nilimweleza yote mpaka kwenye kiti. Alishika mnyororo muda mrefu, vidole vyeusi kwa grisi. Nilidhani ataanza hotuba. Hakuanza. Akauliza, "Kitenge kipi?" Nikasema cha kijani. Akasema, "Cha harusi yao. Mimi ndiye niliyembebea kutoka Songea."

Nikasema: "Baba, mtukane."

"Nani?"

"Baba mdogo. Mtukane kama zamani. Wewe ni mtani wake, unaruhusiwa. Mwulize bunduki iko wapi."

Nikamkumbusha mazishi ya Bibi wa Songea, mama yake. Mimi nilikuwa mdogo sana na sikuwepo, lakini kila mtu huyasimulia. Watu wanalia, jeneza linakuja, Baba mdogo Lukas amelala ndani ya kaburi na suti yake, mikono kifuani. Anasema bibi huyu alikuwa mpangaji wake, hazikwi mtu hapa mpaka apewe jogoo. Wakamtafutia jogoo. Baba husema alicheka akiwa analia, na kwamba bila kicheko kile asingeweza kumwaga udongo.

Baba alisikiliza. Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Utani hauombwi kama chumvi, Zawadi," akasema. "Na mimi na yeye tumeshaharibu."

Akarudi kwenye baiskeli. Ni saa mbili tu usiku, nalala kwa hasira.

Jumapili, 13 Machi

Naandika haraka nisisahau.

Hatukwenda Hallonbergen. Mchana, kwao asubuhi, Baba alikaa mezani jikoni, akaiegemeza simu kwenye chupa ya sosi ya nyanya. Mama alikuwa anakoroga mchuzi. Mimi nilikuwa namenya karoti. Baba hakutuambia anampigia nani.

Baba mdogo alipokea amevaa shati la kanisani. Amekonda. "Kaka, shikamoo. Habari za huko." Hajawahi kumwamkia Baba maishani mwake.

Baba hakuitikia. Alitazama kioo. Kisha akasema:

"Mhehe."

Baba mdogo alisogeza uso karibu na simu.

"Mhehe, nasikia umenunua bunduki. Mbwa wa Ohio wamekukosea nini?"

Mwiko wa Mama ulisimama ndani ya sufuria. Uso wa Baba mdogo haukucheka. Nilihesabu karoti ili nisimtazame. Akasema polepole, "Nani kakwambia?"

"Mbwa wenyewe. Wameniandikia. Wanaomba hifadhi Sweden."

Mtu alicheka nyuma yake. Mama mdogo. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akakizuia, kikatoka tena. Baba mdogo akageuka kumtazama mkewe, muda mrefu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia sauti ile siku nyingi. Aliporudi kwenye simu midomo ilikuwa inamcheza.

"Stella, mwambie huyo Mngoni. Babu zake walimkimbia Mzulu mpaka Songea, na walikuwa na mikuki. Yeye amekimbia mpaka kwenye barafu bila hata mkuki. Anajua nini kuhusu silaha?"

"Najua kukimbia. Ndiyo maana niko hai."

Basi wakacheka wote wawili. Baba alipiga meza mpaka chupa ikaanguka na simu nayo, ikabidi niishike mimi. Ndipo Baba mdogo akaniona. "Aah. Na binti wa mkimbizi yupo." Nilimwamkia. Aliitikia vizuri, lakini alijua. Niliona amejua.

Baba akafuta macho. Akasema, sauti nyingine sasa: "Ile siku ya kituo cha mafuta sikukupigia."

"Uliandika pole," Baba mdogo akasema. "Uliandika pole na kapicha ka mikono."

"Basi pole. Pole, mbwa wewe."

"Nimepoa."

"Iko wapi?"

Baba mdogo akanyoosha kola ya shati.

"Lukas. Iko wapi?"

"Kabatini."

"Lina kufuli?"

Ni Mama mdogo aliyejibu, kutoka nyuma, hatukumwona. "Halina."

"Mtoto wako mdogo amejifunga kitenge nilichokibeba mimi kichwani," Baba akasema. "Alikitoa juu. Alipanda kiti. Ulikuwa unajua?"

Baba mdogo alikuwa hajui. Mtu hawezi kuigiza uso ule.

Kisha Baba akarudi kwenye sauti ya kwanza. "Kwa hiyo nakutoza. Wewe kwenye kaburi la mama yangu ulilala mpaka ukapewa jogoo. Mimi jogoo sitaki. Nataka kabati la chuma, limepigiliwa ukutani, funguo zilipo asijue hata mkeo. Usiponipa nakuja Ohio nalala mlangoni kwako na koti langu la baridi, majirani waite polisi."

"Majirani zangu wote wana bunduki, Mngoni."

"Ndiyo maana nakuja na koti nene."

Baba mdogo alicheka, lakini kidogo. Akasema atafikiri. Akasema wanachelewa kanisani. Simu ikakatika.

Mchuzi uliungua. Mama alimwekea Baba chakula kwanza, akamwongezea kabla hajamaliza.

Atafikiri. Sijui kama mtani anaruhusiwa kufikiri.

Jumatano, 16 Machi

Jana wamepiga kura ya mchujo kwao Ohio. Kimya. Upendo bado amenifungia. Baba anamtumia Baba mdogo tusi moja kila asubuhi kabla ya kazi, kama mtu anayenywa dawa. Hakuna majibu.

Karin ameuliza nani amefuatilia. Kwa mara ya kwanza mwaka huu sikunyosha mkono.

Jumamosi, 26 Machi

Kesho Pasaka. Theluji imeisha chini ya balkoni, imebaki changarawe. Mama anapika pilau na amefungua dirisha, ngazi nzima inanukia.

Mchana simu yangu ililia. Upendo. Hakusalimia. Alikuwa amegeuza kamera na anatembea, naona kapeti, naona mlango, naona chumba cha wazazi wake. Kabati la nguo. Kando yake kitu cha kijivu, kirefu kuliko Upendo, kimepigiliwa ukutani kwa misumari mikubwa. Ni kikubwa mno. Bastola moja humo ndani itakuwa kama mbegu kwenye pipa.

"Amenunua kubwa kuliko yote dukani," Upendo akasema. "Wanaume wanne ndio walioliingiza. Amelipa jina. Analiita Mngoni. Anasema, Mngoni amekuja kulala kwangu na hatoki."

Tuli alikuwa ameketi mbele yake na kitenge cha kijani kichwani, anagonga chuma kwa kijiko. Kinalia kama kile cha Upplands Väsby.

Nikamwambia Upendo samahani. Akasema bado amenikasirikia. Akasema ataendelea kunikasirikia mpaka Aprili hivi. Kisha akaniuliza nimepanga kuleta viatu gani.

Mama hajasema kitu kuhusu Juni. Baba anasema nisimsukume. Lakini baadaye, nikiwa naosha mchele wa pili, Mama aliniuliza, bila kugeuka, kama Ohio huwa na joto la kutembea nje au la kukaa ndani. Nikasema la kukaa ndani. Akasema basi magauni mepesi, na akaonja chumvi.

Sasa Baba yuko balkoni na simu. Anacheka peke yake.

Nimesahau kuuliza nani alishinda mchujo.